Sijafungua: Miaka Yangu ya Nyasi na Maji Kule Uzeeni

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye nyasi, kisu mkononi, na nikajibu "sawa" kabla hata sijasimama. Kama ningepewa siku ile tena ningekataa. Bosi wetu, Dale, alikuja na kigari cha gofu, akasimama pembeni yangu, akasema wakazi wamelalamika. Wakiwa wanacheza wanasikia redio zetu za mkononi zikiongea lugha wasiyoijua, na jambo hilo linawaondolea utulivu. Kuanzia Jumatatu, redioni ni Kiingereza peke yake. Mimi ndiye msimamizi wa kikosi, kwa hiyo mimi ndiye niwaambie wenzangu.

"Sawa?" akaniuliza. Neno hilo alilipata kwetu na alilipenda sana.

"Sawa," nikasema.

Akaondoka. Nikaendelea kutoa gugu nililokuwa natoa.

Vijana, mliponiomba niwaandikie habari za kazi yangu nadhani mlitaka visa vya kuchekesha vya mzee aliyekata nyasi za watu matajiri. Vipo, na nitavieleza. Lakini wengi wenu siku hizi mnafanya kazi za kutunza wazee, na baadhi mnakwenda palepale nilipofanya kazi mimi. Kwa hiyo nimeanza na lile ambalo huenda na ninyi mtaambiwa, mkiwa mmeinama, mikono imeshika kitu.

Mahali penyewe pako nje ya Houston, ukipita Sugar Land na kuendelea. Pana jina zuri la Kiingereza kwenye ukuta wa matofali pale mlangoni, lakini sisi tulipaita Uzeeni. "Kesho unaingia Uzeeni saa ngapi?" Watu wa Gulfton, mtaa wa Houston tulikoishi, walielewa. Ni mtaa uliopangwa tangu mwanzo kwa ajili ya wastaafu: nyumba za chini zisizo na ngazi, ukumbi wa chakula, bwawa la kuogelea lenye maji ya uvuguvugu, na katikati uwanja wa gofu wa mashimo kumi na nane. Mtu akishastaafu ananunua nyumba, anaamka asubuhi, anacheza. Mpango wa maisha ulikuwa huo, na kwa miaka mingi ulifanya kazi.

Mimi nilizaliwa Korogwe na nilisoma mpaka kidato cha nne. Huku nilikuja na mke wangu, Mama Neema, baada ya kushinda ile bahati nasibu ya makaratasi ya kuishi. Yeye alipata kazi ya kuwaogesha wazee, mimi nikapata ya nyasi. Siku ya kwanza nilipoonyeshwa nyasi zenyewe, zile wanazozinywesha, wanazozichana kama nywele za bibi harusi, nilikaribia kucheka. Ilikuwa ukoka. Ukoka, jamani! Ule ule uliotuvunja migongo kwenye shamba la baba, tunaulima leo, kesho umerudi. Mtu amesafiri nusu ya dunia, anafika, anaambiwa: huyu adui yako, sasa mbembeleze.

Aliyenifundisha kumbembeleza ni Eusebio, Mmeksiko mzee mwenye masharubu meupe. Alikuwapo kabla ya uwanja. Ujanani mwake aliendesha trekta palepale, kulipokuwa mashamba ya mpunga, kabla kampuni haijanunua ardhi na kuleta mchanga na miti. Alinifundisha kuvua glovu. "Macho yanadanganywa na rangi," alisema. "Weka kiganja." Nyasi yenye kiu ukiikanyaga hainyanyuki upesi, nyayo zako zinabaki nyuma yako zikikushtaki. Nyasi inayoanza kuugua ina utando mweupe kama wa buibui asubuhi kabla umande haujakauka, na jua likishatoka huuoni tena, kwa hiyo mtunza nyasi anayechelewa kuamka haoni ugonjwa mpaka uwe doa la ukubwa wa sinia. Tulikuwa na fimbo ndefu nyembamba za kupangusia umande. Unaipeperusha kulia na kushoto juu ya nyasi, na huku unapangusa, unatazama. Nawaambia ninyi mnaotunza watu: shuka la asubuhi ndilo umande wenu. Litazameni kabla hamjalitandika upya.

Jambo la pili alilonifundisha Eusebio lilihusu maji. Alisema ardhi ya mpunga imetengenezwa na watu ili ishike maji, na kampuni ilipoleta mchanga ilibadilisha sura tu. Chini, ni bakuli lile lile. Ndiyo maana kulikuwa na bwawa karibu na shimo la kumi na tatu, na kwenye bwawa kulikuwa na geti la chuma, unalizungusha kwa gurudumu kama usukani wa lori. Siku zote lilifungwa, kwa sababu wakazi walipenda kuona bwawa limejaa na bata wanaelea. Lakini mvua kubwa ikitangazwa, lazima geti lifunguliwe mapema, maji ya bwawa yaondoke kuelekea mfereji mkubwa wa nje, ili bwawa lipate nafasi ya kupokea yanayotoka barabarani. Ukichelewa, mfereji wa nje unakuwa umejaa kuliko bwawa, na hapo hata ukifungua hakuna kinachotoka.

"Wiki ya kwanza utajifunza nyasi," aliniambia Eusebio. "Geti utajifunza siku utakayokosea."

Kosa langu la kwanza halikuwa la geti, lilikuwa la chakula. Saa saba mchana Dale alipita akaniuliza, kwa Kiingereza, "Hujala chakula cha mchana?" Nikamjibu, "Yes." Akasema vizuri sana, akanituma kusawazisha mchanga kwenye mashimo ya mchanga upande wa mbali. Nilisawazisha mpaka saa kumi, tumbo linaunguruma, nikimlaani moyoni kwa ukatili wake. Eusebio alipoijua habari hii alicheka mpaka akakaa chini. Mnaelewa kilichotokea? Kwetu, mtu akiniuliza "hujala?" nami sijala, namjibu "ndiyo," maana yake ni kweli usemayo, sijala. Kwao, "yes" maana yake nimekula. Neno moja, na mtu anashinda njaa.

Kwa hiyo Eusebio alipostaafu nami nikapewa usimamizi, nilitunga sheria moja. Wakati huo kikosi kilikuwa cha Wakongo watupu isipokuwa mimi. Aliyewaleta ni Asukulu, Mbembe wa kutoka Fizi, aliyekaa kambini Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa Gulfton. Yeye aliingia kwanza, akaleta shemeji yake, akaleta watu wa kwaya ya kanisani kwao, mpaka gari letu la asubuhi likawa linaimba kwa sauti nne kuanzia Gulfton hadi mlangoni pa Uzeeni. Aliniita "chef," yaani mkuu, kwa Kifaransa chao, na alipotaka kunichokoza aliniita Baba Neema kwa sauti ya mke wangu.

Sheria yangu ilikuwa hii: redioni hakuna "ndiyo" wala "hapana." Unajibu kitenzi chenyewe. Nikikuuliza umekata, useme "nimekata" au "sijakata." Redio za mkononi zina tabia ya kumeza mwanzo na mwisho wa maneno, na upepo wa kule ni mwingi, lakini kitenzi chetu kimebeba kila kitu ndani yake: nani, nini, lini, na kama jambo limefanyika au la. "Sijafungua." Hata ikimezwa nusu, utasikia kile kilichobaki, na kama hukusikia utajua hukusikia. Shule ya sekondari nilichapwa viboko kwa ajili ya sarufi, na Uzeeni ndiko nilikoiona faida yake.

Na redio zilichangamka! "Asukulu, umewasha maji shimo la tisa?" "Nimewasha, chef, na mzee moja ya kofia nyekundu amelowa, ananitukana mpaka sasa." "Umemwomba radhi?" "Nimemuomba. Hajanisamehe." Siku nyingine bata dume lilimfukuza kando ya bwawa, akaripoti akihema: "Chef, sijakufa bado. Nitaendelea kukujulisha." Tulicheka. Lakini katika vicheko hivyo tulipashana kila kitu: bomba linalovuja, utando kwenye nyasi, tawi lililoegemea waya. Niliujua uwanja mzima bila kutoka karakana.

Hayo ndiyo niliyoyatoa kwa "sawa" moja.

Siku ile ile niliwakusanya karakana nikawapa habari. Asukulu alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta, akafuta kwa muda mrefu.

"Chef, sasa maji ikija, mi nitasema nayo Kiingereza?"

Wakacheka.

"Mtazoea," nikasema.

"Na weye ulimujibu nini, Dale?"

"Nilimjibu sawa."

"Sawa ya kusikia, ao sawa ya kukubali?"

Nilicheka nikatoka nje. Nimelifikiria swali lile kuliko swali lolote nililowahi kuulizwa. Maana ni kweli, sisi tuna sawa mbili. Ile ya kusikia tunaitoa ili mkubwa aondoke kwa heshima na mazungumzo yaishe, halafu tuone. Dale hakuijua hiyo. Nami sikumweleza, kwa sababu cheo nilikipenda na niliogopa kuonekana mgumu. Ningeweza kumwambia kwamba sheria yetu ya vitenzi inalinda geti. Ningeweza kuomba vile vidude vya redio vya kuvaa sikioni, tusikie sisi peke yetu, na wakazi wacheze kwa utulivu. Mwaka uliofuata walivinunua wenyewe bila kuombwa. Havikuwa jambo kubwa.

Redio zikanyamaza. Wenzangu walikuwa na Kiingereza cha "yes," "no," na "okay," na mtu mwenye maneno matatu hasemi bomba linavuja. Anasema okay. Bi Loretta, mwalimu mstaafu aliyeishi nyumba ya mwisho kwenye njia ya bondeni, alinisimamisha asubuhi moja akiwa na kikombe cha kahawa.

"Siku hizi hamuongei," akasema. "Mmegombana?"

"Hapana, mama. Tuna sheria mpya."

"Nilizoea kuwasikia nikimwagilia maua. Yule mwenye sauti nene huwa anasema nini watu wote wanacheka?"

Nikamwambia habari ya bata dume. Akacheka, kisha akaniangalia juu ya miwani, kama walimu wanavyofanya. "Sheria ya kijinga," akasema, akaingia ndani. Yeye hakuwa kati ya waliolalamika. Nataka mlijue hilo.

Siku ya mvua walitangaza tangu asubuhi. Ilikuwa dhoruba ya kawaida, isiyopewa hata jina. Mchana, kiasi cha saa nane, mbingu upande wa pwani ikawa na rangi ya chuma, nikamtuma Asukulu kufungua geti. Alikwenda peke yake, wengine walikuwa wanafunga mashine na kuingiza vigari. Mimi nilikuwa karakana na Dale, tunafunga milango. Mvua ikaanza kupiga mabati kabla sijasikia chochote.

Kisha redio ikakohoa. Nilisikia "gate," halafu mkwaruzo, halafu kama neno "problem," halafu mkwaruzo.

Nikabonyeza. Niliuliza kwa Kiingereza, kama tulivyoamriwa, na Dale amesimama hapo ananisikiliza: "Hujafungua geti?"

"Yes!" akajibu. Sauti ilikuwa wazi kabisa. "Yes, yes!"

"Okay, rudi," nikasema.

Nikamgeukia Dale nikamwambia geti limefunguliwa.

Mimi, niliyesawazisha mchanga mpaka saa kumi na njaa. Mimi niliyetunga sheria. Nilikuwa nimekaa na Kiingereza muda mrefu kiasi kwamba sikio langu lilikuwa limehama. Nilimsikia ndugu yangu kwa sikio la Dale.

Asukulu alirudi baada ya muda mrefu kidogo, kwa miguu, kigari kimenasa kwenye tope. Matope yamefika mapajani. Akaingia akaenda moja kwa moja kwenye kona ya vyombo.

"Mtaimbo uko wapi?"

"Mtaimbo wa nini?"

"Ya geti. Gurudumu imekamata, tawi imeingia kwa mnyororo. Inaomba watu wawili."

"Si umesema umefungua?"

Akageuka. Maji yalikuwa yanamchuruzika kutoka kwenye kofia. "Chef, mi nimesema sijafungua. Umeniuliza kama sijafungua, nimekujibu ndiyo. Ukasema nirudi. Si nimerudi kukamata mtaimbo?"

Tulikimbia wote, Dale naye. Tulipofika, mfereji wa nje ulikuwa umeshajaa juu ya geti. Tulilitoa tawi, tukazungusha gurudumu hadi mwisho, na maji hayakwenda popote. Tulisimama tunayatazama yakipanda kwenye nyasi taratibu, kuelekea njia ya bondeni.

Hakuna aliyekufa. Nasema mapema msihangaike. Jioni ile tuliwatoa wazee kwenye nyumba zao kwa matrela ya kubebea mchanga, tukavuta kwa trekta. Asukulu alimbeba Bi Loretta mgongoni, maji yakiwa kiunoni, naye ameshika mfuko wa plastiki wenye picha za mumewe. Njia nzima alimwambia kwa Kiswahili, "Pole mama, pole, pole," na yule mama akawa anaitikia "pole, pole," akidhani labda anafundishwa neno. Nyumba zote za njia ile zililoa. Bi Loretta alipelekwa kwa binti yake jimbo jingine na hakurudi tena.

Wiki iliyofuata tuliitwa kwenye ukumbi wa chakula. Walikuwapo watu wa kampuni na kamati ya wakazi. Walitaka kujua kwa nini geti halikufunguliwa. Asukulu alikaa upande wangu, amevaa shati lake la kanisani. Kiingereza hakikumtosha, kwa hiyo waliniambia mimi nimtafsirie. Sikusema kwamba mtu mwingine angefaa zaidi. Nikasema sawa. Sawa yangu ya pili, hiyo.

Wakaniuliza mimi kwanza. Je, aliniambia geti limefunguliwa?

"Nilimuuliza, akajibu yes," nikasema.

Kila neno lilikuwa kweli. Sikuwaambia niliuliza swali la namna gani.

"Umewaambia nini?" Asukulu akaninong'oneza.

"Nimewaambia ulivyojibu."

Wakamgeukia. Je, ni kweli alijibu yes? Nikamtafsiria. Akanyooka kwenye kiti, akaongea polepole, ananiangalia mimi ili nisipoteze kitu:

"Ndiyo, nilisema yes. Lakini aliniuliza 'hujafungua,' na kwetu ukiulizwa hivyo, na ni kweli hujafungua, unajibu ndiyo. Zamani tulikuwa tunasema 'sijafungua,' kila mutu anasikia. Wamekataza. Baba Neema anajua. Yeye njo alitufundisha. Mumuulize, atawaeleza."

Watu wote wakanitazama, wakisubiri.

Ili kutafsiri maneno yale ningelazimika kusema mbele ya Dale na wakazi kwamba amri yao ndiyo iliyofanya geti lisifunguliwe, na kwamba mimi niliyejua hatari nilikubali bila hata kukohoa. Ningelazimika kusema kwamba kosa la kusikia lilikuwa langu. Nikaangalia meza. Kulikuwa na kitambaa cheupe na doa la kahawa.

"Anasema ndiyo," nikatafsiri. "Alijibu yes."

"Ni hayo tu?" akauliza mama mmoja wa kamati. "Ameongea sana."

"Ni hayo tu."

Asukulu hakujua Kiingereza kingi, lakini urefu wa maneno aliujua. Alinitazama mpaka kikao kikaisha. Wakamwachisha kazi siku ile, kwa kosa la kutoa taarifa ya uongo wakati wa hatari. Asubuhi iliyofuata gari lilitoka Gulfton bila wimbo. Mwezi haukuisha, shemeji yake akaacha, na watu wa kwaya wakaacha, mmoja mmoja, bila kunilaumu na bila kuniaga. Waliona tu kazi nyingine. Maghala yalikuwa yanaajiri.

Mimi nilibaki mpaka uzee wangu mwenyewe. Mtaniuliza uwanja ukawaje. Nyasi za njia ya bondeni zilioza, tukapanda upya, zikaoza tena. Lakini kilichouua uwanja kilikuwa kingine. Wachezaji walizeeka. Waliokuwa wanacheza kila asubuhi wakawa wanatoka na kigari kutazama tu, kisha wanakaa kibarazani, kisha pazia linafungwa. Nyumba zikanunuliwa na wastaafu wapya, na hao wapya hawachezi gofu, wanatembea na mbwa. Niliwahi kukata nyasi asubuhi nzima na kutoboa mashimo mapya yote kumi na nane, kama inavyotakiwa, nyasi zisichakae sehemu moja, na siku nzima asiingie mchezaji hata mmoja. Mwishowe kampuni ikauza, bendera zikang'olewa. Nilizikunja mimi. Na ukoka, ukiuacha wiki tatu tu bila kuukata, unarudi kuwa ule wa Korogwe.

Sasa mpango, kama nilivyoonyeshwa kwenye ramani yao ya rangi rangi, ni kuchimba upande wa shimo la kumi na tatu wote liwe bwawa kubwa la kupokea mafuriko, lenye geti linalojifungua lenyewe kwa umeme. Upande wa ukumbi watajenga jengo la wasiojiweza, lenye vitanda, kwa ajili ya wale wale waliokuja kucheza. Eusebio, kama angekuwa hai, angesema bakuli limeomba kuwa bakuli. Na watakaofanya kazi ndani ya jengo hilo ni ninyi. Nimeshawaona baadhi yenu mkitoka pale na sare za bluu. Mtaambiwa kitandani ni Kiingereza tu, na ni haki, mgonjwa lazima ajue kinachosemwa juu ya mwili wake. Lakini mkiwa wenyewe mnapokezana zamu, na swali ni kama dawa imetolewa au haijatolewa, msikubali kujibizana kwa yes na no. Mtu akikataza, mwelezeni kwa nini, mkiwa mmesimama. Na mkiulizwa "sawa?", mjue ni ipi mnayoitoa.

Siku hizi naishi mji wa Richardson kwa binti yangu Neema. Mama Neema ametangulia. Wajukuu nawasalimia kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza, na silalamiki. Mimi ni nani wa kulalamika? Nakaa dirishani natazama treni ya mjini inapita, na kuna nyasi mbele ya nyumba ambazo Neema hanikubalii kuzikata kwa sababu ya magoti.

Mwaka huu Furaha, binti wa Asukulu, aliolewa Fort Worth. Neema alialikwa, walijuana tangu utoto, nikamwomba anichukue. Ukumbini nilimwona Asukulu mbali, ameota mvi, amevaa suti ya kijivu, anacheka na watu. Ameshakuwa mkuu wa zamu ghalani, na watoto wake wameniambia alisoma Kiingereza kwa bidii, darasa la Jumamosi, miaka. Alianza mwezi ule ule alioachishwa kazi.

Nilisubiri apate nafasi, nikamwendea. Nilikuwa nimeyapanga maneno.

"Baba Furaha," nikasema, "hongera ya mtoto. Nimekuja pia kwa jambo jingine. Siku ile ukumbini niliyakata maneno yako. Uliniambia niwaeleze, sikuwaeleza. Ulikuwa na haki, na mimi nilijua. Nakuomba radhi."

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Thank you for coming, sir," akasema. Kiingereza kizuri, kilichonyooka. Hakusema chef. Hakusema Baba Neema.

Nikangoja. Muziki ulikuwa juu, watu wanapita na sahani. Nikamuuliza, "Asukulu, hujanisamehe?"

"Yes," akasema.

Akanipa mkono, akarudi kwa wageni wake.

Neema aliniuliza kwenye gari alisema nini, nikamwambia. Akafurahi, akasema, "Si unaona, baba, amekusamehe." Ameishi huku tangu utotoni. Lakini mimi nilikuwa nimeuliza kwa Kiswahili, nikimwangalia usoni, na safari hii nilimsikia vizuri: bado hajanisamehe.

Sikupoteza kazi wala cheo. Kwa kukubali kuzima Kiswahili redioni, na kwa kunyamaza baadaye ili kukubali kule kusijulikane, nilimpoteza Asukulu, rafiki pekee niliyempata katika nchi hii, na tangu siku ile ya ukumbini hajasema nami tena neno moja la Kiswahili.